Shuka la viraka tisa: vipande nimekata saizi moja, bloku zinatoka saizi tofauti. Tatizo liko wapi?

#1 DadaViraka
Habari zenu wakuu. Nashona shuka la kitanda la vipande vya vitenge, kitanda ni sita kwa sita. Mtindo ni ule wa viraka tisa, yani miraba tisa inaunda bloku moja, mitano ya rangi kali na minne iliyopoa, afu unarudia hivyohivyo mpaka shuka liishe. Kila kipande nimekata inchi tatu na nusu, nashona kwa robo inchi, kwaiyo bloku ikikamilika inatakiwa isome tisa na nusu, na ikishaungwa na wenzake inabaki tisa kamili. Nane kwa nane, jumla bloku 64.
Sasa nimezitandaza sebuleni nipime. Kuna zinazosoma tisa na robo, kuna tisa na nusu, na kuna chache zimefika tisa na robo tatu. Nimeunga mistari miwili, mmoja una inchi 71 mwingine 73, ukiilaza pamoja makutano ya miraba yanapishana kabisa. Kitambaa nimeokota kwa mafundi wa mtaani, mabaki ya magauni. Kadibodi ya kuchorea ni moja tu. Naombeni mnisaidie, sababu ni nini na nazirekebishaje bila kufumua zote?

#2 Sindano_Kumi
Uzi mzuri, naweka mkeka hapa nisubiri mafundi.

#3 MzeeBobini
Mwanangu tatizo lako ni nafasi ya mshono, usihangaike kutafuta lingine. Sisi mafundi wa nguo tumezoea nusu inchi, mtu akiambiwa robo anakadiria kwa macho. Piga hesabu hii. Ukizidisha mshono kwa moja ya kumi na sita ya inchi, ambayo ni kama milimita moja na nusu tu, kila mshono unakula pande mbili kwaiyo umepoteza moja ya nane. Bloku ina mishono miwili kwa upana, tayari robo inchi imeondoka na bloku inasoma tisa na robo. Kwenye gauni hilo hulioni, mteja anavaa anaondoka. Kwenye mstari wa bloku nane zilizokula hivyo umepoteza inchi mbili nzima.
Jaribu hivi kabla hujashona nyingine: kata tepe tatu za upana wa inchi moja na nusu, ziunge, piga pasi, pima ile ya katikati. Lazima isome inchi moja kamili. Ikisoma pungufu mshono wako ni mnene, ikizidi mshono ni mwembamba.

#4 Nyakio_Ushonaji
Mzee ako sawa lakini si hiyo tu. Kuna kitu watu hawasemangi, ukishona robo kamili bado unapoteza kidogo juu ya lile kunjo, kitambaa kinapogeuka juu ya uzi kinachukua nafasi yake. Kitenge cha waksi ni kizito kuliko pamba ile nyepesi, kwaiyo kunjo lake ni nene. Ndio maana wenye kushona kwilti, yani mashuka ya viraka yenye matabaka, siku zote wanashona pungufu ya robo kwa upana wa nyuzi moja ama mbili hivi. Mimi huku Thika nimebandika tabaka kadhaa za utepe wa gundi juu ya sahani ya sindano, kitambaa kinagonga hapo kwa ukuta, mkono hauna nafasi ya kukadiria.

#5 Fundi_Kadibodi
Mnarukia mshono mmeiacha kadibodi hapo juu kasema mwenyewe! Kadibodi moja kwa bloku 64 mara tisa, hiyo ni miraba 576. Kadibodi ya boksi ukiichora chaki mara mia mbili kona zinalika zinakuwa duara, na pembeni inabonyea kila chaki inapopita. Kipande cha mwanzo na kipande cha mwisho sio ndugu tena. Afu kuna swali la chaki yenyewe, ukikata ndani ya mstari, juu ya mstari au nje ya mstari unapata saizi tatu tofauti, na chaki butu ina unene wake wa kutosha tu. DadaViraka, unakata wapi?

#6 DadaViraka
Asante wote. Nakata nje ya mstari ili chaki yote ibaki kwenye kipande, nadhani. Kadibodi ni ya boksi la sabuni, nimeiangalia sasa hivi kona mbili kweli zimechoka. Ila nimekata kwa mikupuo, mara nyingine nilichukua kipande kilichokatwa nikakitumia kama kipimo cha kinachofuata maana ilikuwa haraka.

#7 Fundi_Kadibodi
Sasa hapo tumefika. Kipande kikipimwa kwa kipande, kosa dogo linazaa lingine na lote linaenda upande mmoja, linakua tu. Tafuta bati jembamba au plastiki ngumu ya ndoo iliyovunjika, kata mraba mmoja wa tatu na nusu kwa rula ya chuma, huo ndio uwe baba wa vyote.

#8 mwana_wa_pasi
Nakataa kidogo. Nimefanya kazi kwenye karakana ya mashuka, shida kubwa tuliyokuwa tunaona ni pasi. Watu wanaburuta pasi kama wananyoosha suruali. Mraba mdogo ukiuburuta ukiwa na mvuke unavutika, hasa kama umekatwa mshazari wa nyuzi, na mabaki ya magauni nusu yake yamekatwa mshazari maana mafundi wanakata sketi za kuzunguka. Bloku inatoka na tisa na robo tatu sababu imevutwa, sio sababu ilishonwa vibaya. Pasi inyanyue iweke chini, inyanyue iweke chini. Na mishono ilazwe: mstari wa juu ielekee kulia, wa kati kushoto, wa chini kulia. Zikikutana zinaumana zenyewe kwenye makutano, unazisikia kwa kidole kabla hata ya kuweka pini.

#9 Nyakio_Ushonaji
@mwana_wa_pasi hiyo ya kidole ni kweli kabisa. Ukizilaza upande mmoja zote unapata uvimbe, cherehani inaruka pale na mstari unapinda.

#10 Mkaanga_Uzi
Swali la pembeni, kwa nini mnajitesa na miraba mmojammoja? Kata tepe ndefu za tatu na nusu, unga tatu tatu, afu kata tena kwa kukatisha. Unapata vijiti vya rangi tatu vikiwa vimeshaungwa. Kitenge cha upana wa inchi 44 kinatoa vijiti 12. Kali-poa-kali tepe seti mbili, poa-kali-poa seti moja, unapata bloku 12 kwa mara moja. Tepe tano za rangi kali nne za iliyopoa, basi. Wenyeji wa kabila la Seminole kule Florida walikuwa wanafanya hivyo na cherehani za mkono mwanzoni mwa karne ya 20, tepe zinaungwa zinakatwa zinapangwa upya.

#11 DadaViraka
Mkuu ningekuwa na kitenge kizima ningefanya ivo. Mabaki ya fundi hayana urefu wa inchi 44, mengine ni kiganja tu, mengine yana tundu la shingo katikati.

#12 Mkaanga_Uzi
Unga hata tepe fupifupi za inchi 12 zinatoa vijiti vitatu. Mshono mrefu mmoja una makosa machache kuliko mifupi mingi, kila unapoanza na kumaliza ndipo kitambaa kinapotea.

#13 Chumvi_ya_Pwani
Naona watu wote humu wanataka bloku zilingane kama matofali. Kule Mississippi kuna kijiji cha wanawake weusi kinaitwa Gee's Bend, wanashona kwilti za nguo kuukuu za kazi, hawapimi chochote, mistari imepinda inavyotaka, na zimewekwa makumbusho makubwa Marekani. Dada shona zako hivyohivyo tisa na robo na tisa na robo tatu, uzuri uko hapo.

#14 Msomi_wa_Makumbusho
Gee's Bend iko Alabama mkuu, kwenye kona ya mto Alabama. Maonyesho yaliyowapa jina yalifunguliwa Houston mwaka 2002 yakaenda makumbusho ya Whitney New York, na 2006 posta ya Marekani ikatoa stempu za kwilti zao. Ni kweli nyingi ni za kubuni palepale kwa kitambaa kilichopo. Ila usichukulie kuwa hawakujua kupima. Mwaka 1966 wanawake wa eneo hilohilo walianzisha ushirika wa Freedom Quilting Bee, miaka ya 1970 wakashona foronya za kodrai, kile kitambaa kizito chenye mistari ya manyoya, kwa ajili ya maduka ya Sears, na hapo kila moja ilitakiwa ilingane na mwenzake maana ni oda. Mabaki ya ile kodrai wakarudi nayo nyumbani wakashona kwa uhuru wao. Mikono ileile, kazi mbili tofauti.

#15 Chumvi_ya_Pwani
Asante kwa Alabama. Ila hoja yangu inabaki, shuka la nyumbani sio oda ya duka.

#16 DadaViraka
Hili ni oda jamani. Mteja ameona picha ya miraba imenyooka na ndiyo anayoitaka.

#17 MzeeBobini
Umesikia Chumvi? Mteja akilaza shuka makutano yakapishana hatazungumzia Alabama.

#18 bibi_wa_khanga
Na zile kwilti nilisikia zilikuwa na alama za siri za kuwaonyesha watumwa njia ya kutorokea, kila bloku ina maana yake.

#19 Msomi_wa_Makumbusho
Hiyo habari ilisambaa sana mwishoni mwa miaka ya 1990, wanahistoria wengi wanaikataa, hakuna ushahidi wa wakati huo unaoibeba. Na baadhi ya bloku zinazotajwa ni za baadaye.

#20 Bahari_Hindi
Kama mnataka kwilti yenye damu ya huku kwetu msiende Alabama, nendeni Karnataka India. Kuna Wasiddi, mababu zao walitoka Afrika Mashariki, wengi walipelekwa utumwani kupitia Goa enzi za Wareno. Wanawake wao wanashona kwilti inaitwa kawandi. Hawaanzi na bloku kabisa. Wanaanza ukingoni, wanakunja ukingo wa kiraka wanakishona moja kwa moja juu ya sari kuukuu kwa mkono, wanaenda wakizunguka kuelekea katikati mpaka nafasi iishe. Pembeni kwenye kona nne wanaweka viraka vilivyokunjwa wanaviita phula, maana yake maua. Hapo shida ya DadaViraka haizaliwi kwa sababu hakuna bloku ya kulinganisha na bloku, kiraka kinakatwa kujaza pengo lililopo.

#21 bibi_wa_khanga
Maashallah, na Kiswahili bado wanaongea?

#22 Bahari_Hindi
Hapana bibi, wa Karnataka wanaongea Kikonkani na Kikannada. Mshono ndio umebaki unaonekana.

#23 mwana_wa_pasi
Nzuri sana hiyo lakini turudi kwa dada. Swali: kitambaa ulifua kabla ya kukata?

#24 DadaViraka
Sijafua. Nilihofia vipande vidogo vitachanikachanika pembeni.

#25 Karai_la_Rangi
Ndo nilikuwa nangoja hapa. Mabaki ya mafundi ni mchanganyiko, kuna waksi ya pamba tupu yenye wanga, kuna poliesta iliyochapwa kama kitenge, kuna pamba na poliesta pamoja. Ukiweka pasi ya mvuke pamba inarudi ndani, poliesta haitikisiki. Bloku moja ina vipande vitano vimerudi na vinne vimegoma. Unashona sawa, unapiga pasi, unapima unapata miujiza. Na hata ukilazimisha zilingane leo, mteja akilifua mara ya kwanza zitaachana tena, na kitenge chekundu kikichuja juu ya vile vilivyopoa hapo ndipo utajua. Mabaki yafue yakiwa bado makubwa kwenye mfuko wa chandarua, yaanike, ndipo ukate. Kujua poliesta vuta uzi mmoja uuchome, ukijikunja kuwa kidonge kigumu ni poliesta, ukiwaka na kuacha jivu laini ni pamba.

#26 Mtaa_wa_Saba
Nimesoma kuanzia juu, hakuna aliyegusa cherehani yenyewe. Cherehani za kukanyaga meno yanavuta kitambaa cha chini, mguu unazuia cha juu. Cha juu kinabaki nyuma kinatokea kirefu mwishoni. Ukishona kipande kimoja huoni, ukishona bloku 64 zote umeweka rangi kali juu basi rangi kali zote zinazidi. Legeza skrubu ya mguu kidogo, na mshono ukienda wa kwanza kutoka juu kwenda chini wa pili geuza utoke chini kwenda juu. Zinapingana zinanyooka.

#27 MzeeBobini
Kwa kipande cha inchi tatu na nusu meno yatavuta nini? Hiyo ni kwa mapazia.

#28 Mtaa_wa_Saba
Mzee kwenye kuunga miraba sawa, ila kwenye kuunga vijiti vya inchi tisa na nusu na mistari ya inchi 72 inavuta sana. Pima mstari mmoja kabla na baada.

#29 Fundi_Kadibodi
Hebu tupime badala ya kubishana. Dada chukua bloku ndogo na bloku kubwa. Pima mraba wa katikati peke yake, lazima uwe tatu kamili. Pima na wa pembeni, lazima uwe tatu na robo kwa sababu upande mmoja bado haujashonwa. Mshono ukiwa mnene wa katikati unaumia mara mbili ya wa pembeni maana unaliwa pande zote. Kama wa katikati ni tatu safi na wa pembeni ndio wanacheza, kosa liko kwenye kukata.

#30 DadaViraka
Nimepima. Zile ndogo katikati inasoma mbili na saba ya nane, kama alivyosema Mzee. Zile kubwa katikati ni tatu kasoro kidogo sana lakini pembeni zimefika tatu na tatu ya nane hivi, na kingo zake ukizitazama zina mawimbi. Nimesahau kusema pia, mdogo wangu alinisaidia baadhi kwenye cherehani yake.

#31 Sindano_Kumi
😂😂 cherehani ya pili imetokea ukurasa wa tatu

#32 MzeeBobini
Cherehani mbili, miguu miwili, robo mbili. Upana wa mguu sio robo inchi kwa kila mashine. Kesi imefungwa.

#33 DadaViraka
Haijafungwa Mzee wangu, zake nilizitia alama ya uzi mweupe. Baadhi ziko kwenye ndogo na nyingine kwenye kubwa, na kubwa nyingine nimeshona mwenyewe.

#34 mwana_wa_pasi
Mawimbi kwenye kingo ni pasi na mshazari. Nimesema tangu #8.

#35 Karai_la_Rangi
Au poliesta kuzungukwa na pamba iliyorudi. Choma uzi.

#36 Ukimya_wa_Usiku
Mimi nashona kwilti za watoto, naomba niseme la mwili. Kazi ya kurudia bloku ileile inakuchukua, bloku ya kwanza unapima, ya kumi mkono unajua, ya arobaini ni usiku na mguu unakanyaga mwenyewe. Mshono unahama bila wewe kutaka. Naona watu wanaosifia kushona mnyororo, unalisha vipande mfululizo bila kukata uzi, na kweli unaokoa uzi na muda, lakini kosa likiingia linaingia kwenye zote. Mimi nashona bloku moja nzima mpaka mwisho, napima, ndipo naanza nyingine.

#37 Mkaanga_Uzi
Hapo tunatofautiana kabisa. Kosa likiwa moja kwa zote bloku zinalingana, na zikilingana zinaungana hata kama zote ni tisa na robo. Kinachoua kazi ni bloku kutofautiana, sio kuwa ndogo. Mnyororo unafanya zote ziwe za mkono mmoja, saa moja, mwanga mmoja. Moja moja ndio unapata za Jumatatu na za Ijumaa.

#38 Nyakio_Ushonaji
Mkaanga amenikamata hapo kusema kweli. Lakini bado napenda kupima ya kwanza kabla mnyororo uanze, halafu nyingine katikati.

#39 Chumvi_ya_Pwani
Sawa sababu tumezimwaga, arekebishe vipi sasa?

#40 Mtaa_wa_Saba
Zipange mafungu matatu kwa saizi. Ndogo fumua mshono mmoja tu shona upya kwa wembamba, unarudisha moja ya nane. Kubwa punguza pembeni zifike tisa na nusu, ila punguza pande zote nne sawasawa, sio upande mmoja.

#41 Nyakio_Ushonaji
Usifumue. Weka mkanda kati ya bloku na bloku. Kata mikanda yote tisa na nusu kwa rula, kila bloku iungwe kwenye mkanda wake, iliyozidi kidogo unaibana na pini nyingi ukishona iko upande wa meno ili yaivute, iliyopungua unainyoosha taratibu. Mkanda ndio unaamua kipimo, bloku inafuata. Na makutano hayagusani tena kwaiyo jicho halioni kupishana.

#42 Fundi_Kadibodi
Mkanda ni ujanja mzuri, lakini bloku ya tisa na robo ukiivuta ifike tisa na nusu itakuja kujikunja ikifuliwa. Bora zote zipunguzwe ziwe tisa na robo.

#43 Nyakio_Ushonaji
Ukipunguza zote kwa ndogo, miraba ya pembeni kwenye kubwa inakuwa myembamba kuliko ya katikati. Mteja aliyetaka miraba imenyooka ataona.

#44 bibi_wa_khanga
Mwanangu na lingine, sita kwa sita ni inchi 72, shuka lako likitoka 72 litaishia ukingoni mwa godoro halining'inii hata kidogo. Mikanda itakusaidia huko pia, na pindo kubwa pembeni.

#45 DadaViraka
Bibi umeniokoa, hilo sikuliwaza kabisa. Nimeamua kuweka mikanda ya kitambaa cha marekani nyeupe ya inchi moja, na pindo la inchi tano kila upande. Inafika 89, inaning'inia vizuri. Uzi nimeuchoma kwenye bloku kubwa nne, mbili poliesta mbili pamba tupu.

#46 Karai_la_Rangi
Mbili ni zangu basi.

#47 mwana_wa_pasi
Na mbili zangu.

#48 MzeeBobini
Na ndogo zote zangu. Marekani ifue kwanza kwa maji ya moto, inarudi sana.

#49 Tandiko_Jipya
Samahani naingia kati, na ndani mnaweka nini? Mimi nataka kuweka sufi, ninayo nyingi kijijini.

#50 Ukimya_wa_Usiku
Sufi inahama inajikusanya kona moja, ni ya mito. Kwa shuka weka blanketi jepesi kuukuu katikati, unga matabaka matatu kwa mafundo ya uzi mnene kila bloku, hata bila kushona juu.

#51 Bahari_Hindi
Mafundo yanakatika kwenye kufua. Pitisha mshono wa mkono wa kwenda mbele, mistari ya karibukaribu, kama wale wa kawandi. Na sufi inakaa ukiishonea kwa karibu hivyo.

#52 Ukimya_wa_Usiku
Kwa shuka la sita kwa sita kwa mkono? Atamaliza lini, ana mteja. Mafundo mawili kila bloku, uzi upite mara mbili, hayakatiki.